Chupa ya Njiani

Lotoko iliyomuua yule mama niliilipia mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nililiweka mwisho, na mara nyingine sikulitaja kabisa. Watu wa kwetu Nyangwe waliponiuliza habari za ajali ile niliwaeleza juu ya matope, giza na ujana wa motari, yaani dereva wa pikipiki. Yote hayo yalikuwapo. Lakini matope na giza havikununua chupa.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2012. Nilikuwa na miaka 27, mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara tulikuwa tukiufuata Kasongo, zaidi ya kilomita 50 kwa njia ya udongo, na aliyechelewa kurudi alijua nyumbani wanamngoja na sufuria tupu. Safari ile nililipwa siku ya pili, mchana umekwisha kwenda. Kesho yake ilikuwa siku ya soko kwetu. Mke wangu alikuwa amenituma chumvi, sabuni na kitambaa cha mtoto, nami nilitaka kufika soko likiwa bado changa.

Motari wangu alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, mtu wa Nyangwe. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyeinunua kwa mpunga wa misimu miwili. Kijana alimpelekea fedha kila jioni na kubaki na kilichozidi. Alijulikana kwa uangalifu. Mama zetu walipenda kumpa yeye mizigo ya mayai.

Mvua ilianza saa kumi na moja jioni, ikakatika karibu saa tatu usiku. Tulikuwa tumejikinga kwenye baraza ya nyumba moja nyuma ya soko la Kasongo, ambako mama mmoja huuza lotoko. Kwa asiyeijua, hiyo ni pombe ya mahindi na muhogo. Huchachushwa, kisha huchemshwa, na mvuke wake hupitishwa kwenye mrija hadi utone ndani ya chupa. Wabelgiji waliipiga marufuku enzi zao, na watu wakaendelea kuipika. Haina karatasi ya kueleza nguvu yake. Ya jana na ya leo, hata kama mpishi ni mmoja, huenda hazilingani, na mnywaji hupima kwa koo lake tu.

Kijana aliitazama njia, akaniambia, "Mwalimu, tulale. Njia imeharibika, na mimi usiku sipendi."

Nikamjibu, "Unaogopa nini? Kunywa kidogo upate joto, twende."

"Nikinywa siendeshi vizuri, mwalimu."

"Kidogo tu."

Kwetu mwalimu si mtu mdogo mbele ya kijana. Nilijua hivyo, na ndicho nilichokitumia. Kijana yule alikuwa amesema kweli mara mbili, kwa heshima, na mara zote mbili nilimshinda kwa cheo changu. Akanywa glasi ya kwanza, akanywa ya pili. Mama akamimina nyingine ndani ya chupa ya plastiki ya maji, akaiziba kwa gunzi la mahindi. "Ya njiani," akasema. Nikatoa fedha za mshahara, nikalipa.

Kilomita za kwanza aliendesha vizuri kuliko siku zote, au mimi niliona hivyo. Siku hizi naelewa kwa nini. Pombe haianzi na miguu. Huanza na ile sauti iliyo ndani ya mtu inayomwambia "ngoja". Ambaye miguu imekwisha kulegea atakaa chini mwenyewe. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyepoteza ile sauti tu, ambaye mikono yake bado inaonekana mizima, tena anajisikia hodari. Motari aliyekataa safari saa tatu usiku, saa nne alikuwa akiimba.

Tulisimama mara nyingi kusukuma, kukwangua matope kwenye gurudumu kwa kijiti, kurudisha mnyororo. Kila tuliposimama alivuta lile gunzi. Saa saba usiku mpira wa nyuma ukatoboka karibu na kijiji kimoja. Tukaketi chini ya paa la jiko la watu, mimi nikamshikia tochi, yeye akatoa kiraka na gundi. Kazi ambayo huimaliza kwa nusu saa ikachukua karibu saa mbili. Nakumbuka vidole vyake. Alikuwa anataka kurudisha kifuniko cha gundi, kile kifuniko kidogo chekundu. Akakipeleka, kikapita kando. Akakipeleka tena, kikapita kando. Mara ya tatu akacheka, akakitupa kwenye majani.

Pale nilijua. Sitamdanganya msomaji kwamba nilikuwa na shaka. Mwanga wa tochi ulikuwa mkononi mwangu, na vidole vile vilikuwa mbele ya macho yangu. Nilifungua kinywa kumwambia tungoje kukuche. Lakini nguo zilikuwa zimeniganda mwilini, nyumbani palikuwa si mbali, na nikaona haya kumwomba kijana alale wakati mimi ndiye niliyemkatalia kulala. Nikanyamaza, nikapanda nyuma.

Siku za soko, wanawake wa vijiji vilivyo kando ya njia huondoka kabla ya alfajiri. Saa kumi na moja kasoro wanne walikuwa wakifuatana, wa mbele ana tochi, kila mmoja na kitunga mgongoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso. Taa yetu iliangaza hatua ishirini hivi. Baadaye niliipiga hesabu, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la sita: pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, inakata mita 11 kila sekunde. Mtu mzima asiyelewa huhitaji sekunde moja, au moja na nusu, kuona na kugusa breki, kisha gurudumu nalo lipate nafasi ya kusimama. Katika hatua ishirini zile, kwa mwendo ule, juu ya udongo wenye maji, nafasi ya kosa haikuwapo. Kijana aligusa breki tulipokwisha kuwafikia.

Watatu waliruka kwenye majani. Wa nne alikuwa amebeba bidoni ya mawese juu ya kitunga, mzigo ulimvuta nyuma, hakuweza kugeuka upesi.

Nilipoinuka nilihisi kitu cha vuguvugu miguuni. Niliposhika tochi ya wale mama na kumulika, njia yote ilikuwa nyekundu, nami nikapiga kelele. Ikawa ni mawese. Lita ishirini za mawese zilikuwa zimemwagika na kutiririka kwenye alama za matairi, na harufu yake, harufu ya jikoni kwa mama yangu, ilijaa pale. Yeye mwenyewe damu yake haikuonekana kwa nje. Alikuwa amelala ubavu, ile kamba bado iko kichwani, anauliza kama bidoni imepona.

Kijana akakimbia porini. Tulimfunga mama kwenye kipoyi tulichokitengeneza kwa miti miwili na vitenge vya wenzake, tukambeba hadi kituo cha afya. Hakuna aliyesema neno njiani isipokuwa mmoja wa wale mama, aliyenusa, akaniuliza, "Mwalimu, ni wewe au ni yeye?" Nikasema ni yeye. Yule tuliyembeba alikufa kabla ya adhuhuri, akazikwa jioni ile ile. Suruali yangu mke wangu aliifua mara nyingi. Doa la mawese halikutoka.

Kwenye kilio watu walisema ni mapenzi ya Mungu, ni siku yake. Mimi ni mtu wa imani na sitaki kubishana na faraja ya waliofiwa. Lakini nilipokuwa nimeketi pale kwenye mkeka, nilijisikia nikijificha nyuma ya maneno yale kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Tunasema "ajali" kwa mti ulioanguka bila upepo. Kisha tunatumia neno hilo hilo kwa kitu kilichopikwa tangu saa tatu usiku, glasi kwa glasi, mbele ya watu wazima watatu wenye akili zao.

Sheria yetu hailikubali neno hilo kwa urahisi, na laiti ningalijua mapema. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 52, inasema kwamba asiyekusudia kumdhuru mtu bado ana hatia ikiwa madhara yametokea kwa sababu hakuona mbele wala hakuchukua tahadhari. Hakuona mbele: hilo ndilo kosa lenyewe. Kifungu kinachofuata kinatoa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na faini, kwa aliyesababisha kifo namna hiyo. Na aliyejeruhi tu, siku nane hadi mwaka mmoja. Juu ya hayo iko sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo inakataza kuendesha ukiwa umelewa. Na kumkimbia uliyemgonga ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwa kuwa sheria inamwadhibu pia anayemwacha mtu hatarini ilhali anaweza kumsaidia.

Kijana hakukimbia kwa ubaya. Aliogopa kuuawa na watu, na hofu yake ilikuwa na msingi. Jioni alijitokeza mwenyewe kwa kapita, mkuu wa kijiji, nguo zimechanika, akalia mbele ya wazee. Usiku ule alilala buloko, yaani mahabusu, kesho yake akapelekwa Kasongo.

Hapa ndipo familia zetu nyingi hukosea. Ndugu zake na ndugu za marehemu waliketi chini ya mwembe, wakapatana: mbuzi wawili, sanda, gharama za kilio na fedha kidogo. Wakapeana mikono. Wakaamini kesi imekwisha. Baba yake alikwenda Kasongo na karatasi yenye alama za vidole, akidhani atarudi na mwanawe siku hiyo. Akaambiwa kwa upole kwamba mbuzi ni baina ya jamaa, nayo ni heri; lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na Jamhuri haikupokea mbuzi. Mzee yule alikaa kwenye ngazi za mahakama mpaka jua likazama, nilimwona.

Hukumu ikawa miezi 18. Na fidia, alipe yeye pamoja na mwenye pikipiki. Hilo la mwenye pikipiki liliwashangaza watu wa Nyangwe kuliko kifungo chenyewe, kwani yeye usiku ule alikuwa amelala kwake. Ila vifungu vya 258 hadi 260 vya kanuni ya madai viko wazi, na ni vya tangu mwaka 1888: aliyeharibu alipe, aliyezembea alipe, na anayemtuma mtu kazi anajibu kwa kosa la mtu huyo kazini. Bima ya chombo ni lazima nchini kwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Mzee hakuwa nayo. Mpunga wa misimu miwili uliuzwa kama vyuma, na haukutosha.

Huko Uganda na Tanzania sheria imeweka kipimo, miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na polisi anaweza kumtaka dereva apulize kifaa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50, na kwa vijana wanaoanza kuendesha 20 tu. Kwenye njia yetu hapakuwa na kifaa. Ushahidi ulikuwa chupa iliyookotwa, pua za wale mama watatu, na mimi.

Niliitwa kama shahidi. Polisi aliyeandika maneno yangu alikuwa mtu mtaratibu, aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu, akirudia kila sentensi kwa sauti. Aliuliza: alikunywa? Nikasema ndiyo. Alikunywa wapi? Nikasema. Kiasi gani? Nikasema. Alisema anajua kuendesha usiku? Hapo nikababaika, nikasema alisema njia anaijua. Hakuniuliza nani alilipa. Nilingoja aniulize. Akageuza karatasi, akaniambia niweke sahihi, nikaweka.

Wakati ule nilikuwa nafundisha historia darasa la sita, na historia ya Nyangwe haiwezi kufundishwa bila soko lake. Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikaa hapa miezi kadhaa akingoja mitumbwi. Alipenda soko letu, wanawake kwa mamia wakivuka Lualaba na samaki, vyungu na mihogo. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara wa utumwa walifyatua bunduki katikati ya umati, na wengi wakafa maji wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hayo kila mtoto wa kwetu huyasikia. Lakini iko sehemu ndogo katika daftari la Livingstone ambayo nilikuwa nikiipita haraka. Kabla ya risasi ya kwanza, aliwaona watu watatu wameingia sokoni na bunduki, jambo lisilo desturi. Akataka kuwakemea. Akajiambia labda hawajui mila. Jua lilikuwa kali. Akaanza kuondoka, na hajafika mbali milio ikasikika.

Mwaka uliofuata nilifika kwenye ukurasa huo mbele ya watoto arobaini na kitu, nikashindwa kuendelea. Simlinganishi mama mmoja na mamia wale, wala pikipiki na bunduki ya mfanyabiashara wa watu. Ila yule aliyeona bunduki akashindwa na jua, na mimi niliyeona kifuniko chekundu nikashindwa na baridi, tumefanana sana. Tena yeye hakuwa amewanunulia baruti.

Ndipo nikaenda kwa mume wa marehemu. Ni mvuvi wa kabila la Wagenya, nilimkuta kando ya mto anashona wavu. Nikamwamkia, nikaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, nikamweleza kila kitu tangu mvua ya Kasongo: kijana alivyokataa, nilivyomlazimisha, chupa, gundi, na swali ambalo polisi hakuliuliza. Hakunikatiza. Sindano yake ya wavu iliendelea kuingia na kutoka.

Akasema, "Mwalimu, na kama mngefika salama?"

Sikuelewa.

"Kama mngefika salama, mwezi uliofuata ungemnunulia tena."

Nikasema ndiyo. Lilikuwa jibu la kweli la kwanza nililolitoa kuhusu usiku ule. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikumwomba. Alinipa upande mmoja wa wavu niushike, naye akashona mpaka jua likapanda.

Tangu siku hiyo, kila mara ya mshahara, kabla walimu vijana hawajaondoka kwenda Kasongo, nawasimulia kisa hiki pamoja na chupa. Wengine hawapendi. Wananiambia, "Mzee, tunakunywa sisi, motari anatungoja tu," na mimi nawauliza motari anangoja akiwa na nini mkononi. Wananiambia kahawa inasafisha, maji baridi yanasafisha, usingizi wa saa moja unasafisha. Havisafishi. Ini lina mwendo wake, karibu bia moja ndogo kwa saa, na halisikii kahawa wala mvua ya usoni. Kijana wangu alilowa usiku kucha, na bado hakukiona kifuniko. Na lotoko, ambayo hakuna ajuaye nguvu yake, utaihesabu kwa saa ngapi?

Kijana mwenyewe alitumikia kifungo chake akatoka amekonda. Hakurudi kwenye pikipiki. Anasukuma baiskeli ya mizigo kati ya Kasongo na Kabambare, magunia ya mchele kwenda, chumvi na nguo kurudi. Tukikutana ananiamkia "Shikamoo, mwalimu", kwa heshima ile ile aliyokuwa nayo barazani. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu pia. Akasema, "Mikono ilikuwa yangu." Sijui ni nani aliyemfundisha kusema hivyo, lakini hakuwa mimi.

Mwaka jana nilikwama tena Kasongo. Jioni, motari niliyemkodi alikuja ananukia. Nikamwambia tutaondoka asubuhi. Akakasirika, akasema jioni ile motari wote wamekunywa, nitafute mzima kama nitampata. Nikamwambia sitamtafuta mwingine. Nitamlipa yeye, na chakula cha usiku nitamlipia, ila funguo nikae nazo mimi. Akanitazama muda mrefu. Nadhani mvi ndizo zilizomshinda, cheo kile kile kikafanya kazi nyingine. Tukalala kwenye ubao wa baraza, na mbu wengi.

Alfajiri aliendesha kimya, uso umevimba kwa usingizi, polepole kuliko nilivyotaka. Karibu na Nyangwe kukawa kumekucha. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa njiani na vitunga vyao, na waliposikia mlio wa pikipiki walitoka mmoja mmoja mpaka kwenye majani, wakasimama na mizigo yao mgongoni, wakatungoja tupite.